NDAMA ANAYEANZIA MAABARA: YAI LAKE NA MALEZI YAKE

Katika somo hili tutajifunza habari za ndama ambao maisha yao hayaanzii tumboni mwa ng'ombe. Yanaanzia katika kisahani kidogo ndani ya maabara. Wengi wenu mmekwisha kuzoea uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa. Jambo hili ni hatua nyingine mbele ya hiyo. Hapa mtaalamu haleti mbegu za dume tu. Analeta mimba yenyewe, ikiwa changa ya siku saba, na kuitia katika tumbo la ng'ombe mwingine ambaye ataibeba mpaka kuzaa.

Kwa nini tujifunze jambo hili sisi watu wa vijijini? Kwa sababu huduma hii imekwisha kuingia Afrika Mashariki. Iko siku mtu atafika kwenye kikundi chenu cha wafugaji na kuwaambia: toeni fedha, mtapata ndama wa ng'ombe bora. Huenda anasema kweli. Lakini fedha za kikundi ni jasho la watu, na ng'ombe atakayebeba mimba hiyo ni ng'ombe wenu. Sisi ni walimu wa kisomo, si mabwana mifugo. Kazi yetu ni kueleza jambo lilivyo, ili mtakapoketi na bwana mifugo wenu mjue la kumwuliza.

YAI LA NG'OMBE

Tazama nukta iliyo mwisho wa sentensi hii. Yai la ng'ombe ni dogo kuliko nukta hiyo. Halina ganda kama la kuku. Limo ndani ya kilengelenge chenye maji, na vilengelenge hivyo vimo katika ovari, yaani vifuko viwili vya mayai vilivyo ndani ya ng'ombe jike.

Ndama jike huzaliwa akiwa na makumi ya maelfu ya mayai. Lakini katika maisha yake yote atazaa mara chache tu. Wewe mwenyewe unajua: ng'ombe akizaa mara nane, tisa, mnamsifu kijiji kizima. Mayai mengine yote hupotea. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kujiuliza: ng'ombe huyu anayetoa maziwa mengi, kwa nini mayai yake yapotee bure?

Katika tumbo la ng'ombe mambo huenda hivi. Ng'ombe anapotaka dume, yai moja huiva na kutoka katika kilengelenge. Linaingia katika mrija mwembamba na kukutana na mbegu ya dume humo. Yakiungana, yai huanza kugawanyika: chembe mbili, kisha nne, kisha nane. Tangu hapo tunaliita kiinitete. Kiinitete hukaa mrijani kama siku nne, kisha huingia katika mji wa mimba. Siku ya saba kimekuwa kama kimpira chenye maji ndani, na chembe zake zimefika mia hivi. Kimpira hicho ndicho ambacho maabara inajaribu kukitengeneza.

SAFARI YA MIAKA MINGI

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1890 Mwingereza mmoja, Walter Heape, alichukua viinitete vya sungura mmoja na kuvitia katika tumbo la sungura wa aina nyingine. Watoto walizaliwa wakifanana na mama aliyetoa mayai, siyo yule aliyewabeba. Mwaka 1951, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, alizaliwa ndama wa kwanza aliyehamishwa hivyo. Mwaka 1973, mjini Cambridge, Uingereza, akazaliwa ndama wa kwanza kutokana na kiinitete kilichokuwa kimegandishwa kwa baridi kali.

Lakini hao wote mimba zao zilitungwa tumboni. Ndama wa kwanza ambaye yai lake na mbegu ya dume vilikutanishwa nje ya tumbo alizaliwa mwaka 1981 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alikuwa dume, wakamwita Virgil. Hata hivyo yai lake lilikuwa limeiva ndani ya ng'ombe. Miaka michache baadaye wataalamu wa Japani na wa Ireland walifanikiwa kupata ndama kutokana na mayai yaliyoivishwa maabarani pia. Baadhi ya mayai hayo yalitoka kwa ng'ombe waliochinjwa. Hebu fikiri: ng'ombe amekwisha kuwa nyama buchani, lakini mwanawe anakuja kuzaliwa baadaye!

KAZI YA MAABARA

Mayai hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya machinjioni. Ovari huchukuliwa mara tu ng'ombe anapochinjwa, hutiwa katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu, nayo hubebwa ndani ya chupa kama hii yetu ya chai ili yasipoe. Njia ya pili ni kwa ng'ombe aliye hai. Mtaalamu hutumia mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kama ile inayotazama mimba za kina mama hospitalini. Akiviona vilengelenge, huvichoma kwa sindano ndefu kupitia ukeni na kunyonya maji yake pamoja na yai. Njia hii kwa ng'ombe ilianzia Utrecht, Uholanzi, mwaka 1988. Ng'ombe hafi, na baada ya siku kadhaa anaweza kutolewa mayai tena.

Mayai hayo hayajaiva. Kwa hiyo huwekwa katika kabati la joto, mfano wa mashine ya kutotolea vifaranga, kwa saa 22 mpaka 24. Joto lake ni lile la mwili wa ng'ombe, yaani nyuzi 38 na nusu hivi. Kisha zinatiwa mbegu za dume. Mbegu nazo haziwezi kulitoboa yai hivi hivi. Zikiwa tumboni, mwili wa jike huziandaa kwanza. Jambo hili liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1986 wale wa Wisconsin walipoonyesha kuwa heparini, dawa ile ya kuzuia damu isigande, inaweza kuziandaa mbegu za ng'ombe zilizokuwa zimegandishwa.

Baada ya hapo kiinitete hulelewa katika tone la maji yenye chakula mpaka siku ya saba.

HESABU YA MAYAI MIA

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue mayai 100 yaliyotiwa katika kabati la joto. Kwa kawaida mayai kama 80 yatapata mbegu na kuanza kugawanyika. Lakini yatakayofika siku ya saba yakiwa viinitete vizuri ni kama 30, au 40 maabara ikiwa hodari. Mengine yamekufa njiani. Tuseme tumepata viinitete 30, tukavitia katika ng'ombe 30. Mimba zikishika 4 katika kila 10, tutapata mimba 12. Mayai 100, mimba 12! Na mimba nyingine huharibika kabla ya kuzaliwa.

Mnaona hasara ilipo. Tangu miaka ile ya 1980 wataalamu wa nchi nyingi wanahangaika na swali moja: vile vilivyokufa vinakufa kwa nini, na tufanye nini ili vingi zaidi viishi?

Jibu lililo wazi kuliko yote lilitoka Dublin, Ireland, mwaka 2002. Wataalamu wa huko walifanya jaribio la kubadilishana. Mayai mengine waliyaacha yaive ndani ya ng'ombe, na mengine wakayaivisha maabarani. Kisha viinitete vingine wakavilea maabarani, na vingine wakavitia katika mirija ya kondoo vilelewe humo. Kondoo walikuwa yaya tu. Walipohesabu, waliona hivi. Mayai yaliyoiva ndani ya ng'ombe yalitoa viinitete vingi zaidi, popote vilipolelewa. Lakini vile vilivyolelewa katika mirija ya kondoo vilikuwa na nguvu zaidi ya kustahimili kugandishwa, mayai yawe yametoka popote. Kwa maneno mengine, yai ndilo linaloamua utapata viinitete vingapi. Malezi ya zile siku chache ndiyo yanayoamua viinitete hivyo vitakuwa imara namna gani.

Tafadhali soma tena sentensi hizo mbili za mwisho. Maendeleo karibu yote ya kazi hii yanaingia chini yake.

YAI LIVE VIZURI

Sote tunajua kuvundika ndizi. Ukikata mkungu uliokwisha komaa, ukauvundika, utapata ndizi tamu. Ukikata mkungu mchanga, hata uuvundike wiki mbili, ndizi zitalegea tu na utamu hazina. Mayai ya ng'ombe nayo ni hivyo. Sindano inayonyonya haichagui. Inachukua yaliyokomaa na machanga pamoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kuchambua kwa hadubini. Yai zuri limezungukwa na chembe nyingi zilizolikumbatia, safu juu ya safu. Chembe hizo ndizo zinazolilisha. Yai lililo uchi huwekwa kando. Kazi ya pili ni kumtayarisha ng'ombe mwenyewe. Huko Quebec, Kanada, wataalamu walionyesha mwaka 2002 kuwa ng'ombe akidungwa homoni ya kukuza vilengelenge, kisha akaachwa siku mbili hivi bila homoni kabla ya kutolewa mayai, mayai hayo hutoa viinitete vingi zaidi. Ni kama kuuacha mkungu mgombani siku mbili zaidi.

Liko jambo la tatu, nalo halihitaji maabara. Ng'ombe aliyezaa karibuni na anayetoa maziwa mengi, kama halishwi vya kutosha, huanza kula mafuta ya mwili wake mwenyewe. Anakonda huku mnakamua. Mafuta hayo huingia katika damu, na kutoka katika damu huingia ndani ya vilengelenge vya mayai. Wataalamu wa Ubelgiji walionyesha kuwa mafuta hayo yakizidi hulidhuru yai. Na yai huchukua wiki nyingi kukua ndani ya ovari. Basi mtu akisema atamlisha ng'ombe wake vizuri siku tatu kabla ya mtaalamu kufika, amechelewa. Kwa maoni yetu, jambo hili lina faida hata kwa mfugaji ambaye hatanunua kiinitete maisha yake yote, maana yai la ng'ombe anayepandishwa na dume la kijiji nalo ni yai lile lile.

MALEZI YA SIKU SABA

Zamani viinitete vya maabara vilikuwa vinakwama mahali pamoja. Vilifika chembe nane, au kumi na sita, vikasimama. Kumbe hapo ndipo kiinitete kinapomaliza akiba aliyoachiwa na mama ndani ya yai na kuanza kujitegemea. Ni kama mtoto anayeachishwa ziwa. Malezi yakiwa mabaya, wakati huo ndio anaodhoofu.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuvihifadhi katika mirija ya kondoo au sungura, lakini hiyo ni kazi kubwa. Baadaye walivilea pamoja na chembe zilizotolewa katika mrija wa ng'ombe. Wengine walifuata njia ya moja kwa moja zaidi. Mwaka 1972 wataalamu wa Cambridge walikuwa wametengeneza maji ya kufanana na yale ya ndani ya mrija wa kondoo, kwa kufuata chumvi na vitu vilivyopimwa humo. Maji ya namna hiyo, yakiwa yamerekebishwa mara nyingi, bado yanatumika mpaka leo.

Wataalamu hao waligundua jambo jingine kubwa: hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu sehemu 21 katika 100. Ndani ya mrija wa ng'ombe oksijeni ni kidogo kuliko hapo. Sisi hatuwezi kuishi bila oksijeni, lakini oksijeni hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kutia kutu jembe lako. Chembe changa nazo huharibiwa ikizidi. Kwa hiyo maabara nyingi hupunguza oksijeni ya kabatini mpaka sehemu 5 katika 100, na viinitete hukua vizuri zaidi.

Sasa tufike kwenye somo lililowagharimu watu ng'ombe. Ili kuvilisha viinitete, maabara zilikuwa zinatia majimaji ya damu, yaani yale yanayobaki juu damu ikiganda. Viinitete vikawa vinakua upesi. Watu wakafurahi. Lakini miaka ya 1990 ikaonekana kuwa baadhi ya ndama na wana-kondoo waliolelewa hivyo walizaliwa wakubwa kupita kiasi. Wengine walikuwa dhaifu, wakafa. Na mnajua ng'ombe anavyoteseka ndama akiwa mkubwa kuliko njia. Akikosa msaada, hufa yeye na ndama wake. Tena viinitete hivyo vilijaa mafuta, na mafuta huvifanya visistahimili kugandishwa. Kumbe kukua upesi sikokuwa kukua vizuri. Siku hizi maabara nyingi zimepunguza majimaji hayo au zimeyaacha, na kutumia vitu vinavyojulikana kipimo chake. Ndama wakubwa kupita kiasi wamepungua, lakini hawajakwisha kabisa.

Habari ya kugandisha ina maana kwa mtu wa kijijini. Kiinitete kibichi lazima kitiwe katika ng'ombe upesi, karibu siku ile ile. Kilichogandishwa kinaweza kukaa miaka ndani ya mtungi wa naitrojeni, ambao baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndio mtungi ule ule anaobeba mhimilishaji. Kijiji kilicho mbali na maabara kitapata vya kugandishwa. Lakini viinitete vya maabara hustahimili baridi hiyo vibaya kuliko vile vilivyotungwa tumboni. Kwa hiyo malezi mazuri kule maabara ndiyo yanayoamua kama kiinitete kitafika kwenu kikiwa hai.

JE, YANATUHUSU AFRIKA?

Yanatuhusu. Miaka ya 1980 viinitete vya ng'ombe aina ya N'Dama viligandishwa Gambia, vikasafirishwa mpaka Kenya, vikabebwa na ng'ombe aina ya Boran. N'Dama ni ng'ombe wa Afrika Magharibi wanaostahimili ugonjwa wa nagana uletwao na mbung'o. Ndama walizaliwa wakiwa N'Dama halisi, nao wakasaidia uchunguzi wa ugonjwa huo. Viinitete hivyo vilitungwa tumboni, siyo maabarani, lakini vilionyesha kuwa ng'ombe anaweza kusafiri kutoka upande mmoja wa Afrika mpaka mwingine akiwa ndani ya mrija mwembamba kama bua.

Tazameni pia Brazili. Nchi hiyo imekuwa mbele sana katika kazi hii, na ng'ombe wake wengi ni Nelore, wenye nundu, ambao asili yao ni India. Ng'ombe wenye nundu hutoa mayai mengi kwa sindano moja kuliko wale wa Ulaya. Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza duniani, viinitete vya maabara vilivyohesabiwa vilizidi vile vilivyotungwa tumboni. Nasi ng'ombe wetu wengi wana nundu.

Halafu kuna joto. Huko Florida, Marekani, walichunguza kwa miaka mingi na kuona kuwa jua kali hukiua kiinitete hasa katika siku zake za kwanza. Kikifika siku ya saba kimeanza kuwa sugu. Kwa hiyo miezi ya joto, kiinitete kilichotiwa kikiwa cha siku saba kinaweza kushika mahali ambapo uhimilishaji unashindwa.

Lakini tusidanganyane. Ndama hufuata damu ya wazazi wake, siyo ya ng'ombe aliyembeba. Ukitia kiinitete cha ng'ombe wa Ulaya katika ng'ombe wako wa kienyeji, ndama atakayezaliwa ni wa Ulaya, na kupe hawatamwonea huruma. Anahitaji dang'a mapema, josho au dawa ya kupuliza, chanjo ya ndigana kali na majani ya kutosha. Kijiji ambacho josho lake limekauka kingetumia fedha hizo kulitengeneza kwanza. Hayo ni maoni yetu, na kikundi kinaweza kutupinga.

YA KUMWULIZA MWUZAJI

Mtu akija na mtungi wake, mwulizeni viinitete ni vibichi au vya kugandishwa, na katika kumi alivyotia mwaka uliopita ni vingapi vilivyozaliwa. Siyo vilivyoshika, vilivyozaliwa. Mwulizeni ndama wa aina hiyo huzaliwa na uzito gani, na kama ng'ombe wenu wana maumbile ya kumzaa salama. Mwulizeni nani atapima mimba, na nani atakuja usiku ng'ombe akishindwa kuzaa. Ng'ombe wa kubeba lazima awe mzima, mwenye afya, na awe alitaka dume siku saba hivi kabla ya kutiwa kiinitete. Mtaalamu asiyeuliza ng'ombe wenu walitaka dume lini, mwacheni aende zake. Na mapatano yote yaandikwe. Sasa mnajua kusoma.

MAZOEZI YA KIKUNDI

1. Kwa nini maabara hupunguza oksijeni katika kabati la joto? Elezeni kwa maneno yenu.

2. Ng'ombe wa mama mmoja amezaa mwezi uliopita, anakamuliwa lita nyingi na mbavu zinaonekana. Je, atoe mayai sasa au angoje? Toeni sababu.

3. Kikundi kimenunua viinitete 20. Mimba zimeshika 4 katika kila 10. Ndama wote wamezaliwa salama, nusu ni majike. Kikundi kimepata mitamba mingapi? Chukueni bei ya viinitete vyote 20, mwigawanye kwa idadi ya mitamba hiyo. Kisha linganisheni na bei ya mtamba mmoja mnadani kwenu.